Mnyama Anayekula Salfa

Mgeni akiingia chumbani kwangu hapa Kasese, Uganda, ninapotengeneza filamu, macho yake hutafuta kompyuta kubwa. Hakuna. Kuna simu iliyokazwa kwenye kipande cha nondo isitikisike, taa mbili, pazia zito, na mnyama wa sponji ya godoro asiyezidi urefu wa kiganja. Ikibidi, vyote huingia kwenye sanduku la bati nikapanda navyo gari hadi Bwera. Wala mtindo huo si wangu: Jean-Michel Kibushi wa Congo alianza zamani kuzunguka na studio yake ya kuhamahama, Malembe Maa, akihuisha karatasi na wanasesere.

Kazi yenyewe ni kusogeza mnyama na kupiga picha, kusogeza na kupiga. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Mimi, kama wengi, hupiga 12 na kila moja naionyesha mara mbili. Hata hivyo dakika moja inadai picha 720. Ukipiga chafya ukagusa meza, unarudia shoti tangu mwanzo.

Hadithi ya filamu haikunisumbua sana, kwa sababu Kasese yenyewe ni nusu hadithi ya kisayansi. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaacha lundo la masalia yenye chuma, salfa na kobalti. Mwaka 1999 kiwanda kimoja hapa kilianza kuwalisha bakteria masalia hayo: vijidudu vinashambulia chuma na salfa, kobalti inafunguka. Mimi nimekuza tu. Mnyama wangu ni kijidudu kimoja kilichokataa kushiba. Baadaye ndipo nilipoona filamu ya Ray Harryhausen ya mwaka 1957, 20 Million Miles to Earth, ambamo kiumbe kutoka Zuhura naye chakula chake ni salfa. Nilicheka peke yangu.

Ndani ya sponji kuna mifupa ya waya. Shaba naipata kwa mafundi wa kusuka mota zilizoungua. Ina tabia mbaya: kila unapoikunja inazidi kuwa ngumu, mwisho goti linakatika katikati ya shoti. Ukiipasha kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu inalainika tena, lakini nani atampasha moto mnyama aliyekwisha kuvishwa sponji? Kwa hiyo magoti na nyonga naweka alumini, nyuzi mbili zilizosokotwa, na shaba naiachia mkia na vidole.

Huo ni ufundi wa mikono tu. Ugumu ni uzito. Mnyama wangu ni mwepesi kuliko yai la kuku, na mtazamaji anatakiwa aamini ni tani tano. Umbo halimsaidii, kinachomsaidia ni muda. Mguu ukishakanyaga, mwili bado unashuka kwa picha mbili tatu, ndipo unapoinuka. Ukizikosa hizo, watu wanaona sponji. Hili nimejifunza Mpondwe, mpakani, siku za soko, nikitazama wapagazi. Aliyebeba gunia hainui mguu wa pili kabla mgongo haujatulia. Mmoja alinigeukia akaniuliza kwa Kiswahili cha Congo, "Papa, unaangalia nini ku miguu yangu?" Nilimweleza. Kwa wema wake akanirudia ule mwendo polepole, bila gunia, na uzito wote ukapotea. Hata yeye hakuweza kuuigiza.

Mwalimu wa pili ni tembo. Pale Kikorongo, barabara ya Bwera inapoachana na ile ya Mbarara, uko kandokando ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na mara nyingine gari husimama wenye njia wapite. Abiria hulalamika; mimi nahesabu. Nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Akina Phil Tippett na Jon Berg nao walitazama mwendo wa tembo walipohuisha zile mashine za miguu minne katika The Empire Strikes Back, 1980.

Mwanga una vita vyake. Umeme ukiyumba kati ya picha moja na nyingine, filamu nzima inapepesa, basi taa zangu zinakula betri ya sola. Simu nayo inazuiwa isijirekebishie mwanga yenyewe. Shati jeupe haliruhusiwi chumbani, linarudisha nuru. Na joto la mchana la Kasese linalainisha meno ya plastisini, ndiyo maana tunafanya kazi usiku.

Vijana huniuliza kwa nini nisitumie kompyuta, kwani hata dinosau wa Jurassic Park, 1993, walitoka mikononi mwa Tippett wakaingia kwenye kompyuta, yeye akabaki kusimamia mwendo wao. Kwa dinosau nakubali. Picha zetu sisi tunaosogeza kwa mkono, kila moja ni kali mno. Hazina ule ukungu unaoachwa na kitu kinachokwenda, na jicho linahisi kuna jambo haliko sawa. Katika Dragonslayer, 1981, walijaribu kuutibu ugonjwa huo kwa mota zilizomsogeza joka wakati kamera inapiga. Mimi sitaki dawa hiyo. Kiumbe kilichozaliwa kwenye lundo la salfa kikitembea sawasawa na ng'ombe wa jirani, kitamtisha nani?

Sasa hivi mnyama amefika mto Nyamwamba. Maji hayakubali kupigwa picha moja moja, kwa hiyo mto wetu ni nailoni ya kufungia mkate iliyopakwa jeli ya nywele, na anayeusogeza ni mpwa wangu. Anataka mnyama avuke mbio. "Mjomba, watu watalala." Namwambia tani tano hazikimbii juu ya mawe yale, mawe yenyewe hayakukimbia hadi mafuriko ya 2013 na 2020 yalipoyasukuma mjini. Hatua moja naitakia picha 16, yeye anataka 8. Jana tulipiga 12, na kila mmoja anadai ameshinda.