Mchezo wa Shilingi Ngapi?

Siku tatu kabla ya kupanda ndege kuja likizo nilimtumia ujumbe shoga yangu wa Kahama: "Jumamosi nikishafika, njooni wote kwa dada jioni, tucheze michezo." Jibu likarudi kabla sijaweka simu chini. "Mchezo wa shilingi ngapi? Na kijumbe nani?"

Nilicheka peke yangu jikoni, lakini swali lilikuwa la haki kabisa. Kwa mwanamke wa Kahama, wa Shinyanga mjini, wa Katoro au wa Geita, mchezo ni upatu. Unacheza mchezo wa elfu tano kwa siku au wa elfu hamsini kwa wiki, kijumbe anapita kukusanya, zamu yako ikifika unapokea, unalipa ada ya mtoto au unaongeza mzigo dukani. "Fulani kala mchezo wa kwanza kisha kazima simu" ni habari ya kumwondolea mtu usingizi. Mtu mzima anayecheza mchezo anacheza na pesa. Mimi nilikuwa nimekaa Ujerumani miaka kumi na moja, neno limeshabadilika mdomoni mwangu bila kujua.

Ninaishi Essen, na nimetoka kwenye machimbo nikaangukia kwenye machimbo. Mji huu ulijengwa na makaa ya mawe. Zollverein, mgodi uliokuwa fahari yao, ulifungwa mwaka 1986 na tangu 2001 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Watu wanapiga picha pale ambapo babu zao walikuwa wakitoka weusi kama chungu. Mgodi wa mwisho wa eneo hili, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Mimi nahudumia wazee, na wengi ninaowaogesha asubuhi ni wajane wa wachimbaji. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kwamba huku mtu mzima anacheza bila aibu. Baada ya chakula cha mchana alikuwa ananiwekea ubao mbele, anatoa kete, ananiambia nikae dakika kumi, msimamizi hataona.

Ubao wenyewe niliutambua mara moja. Ni ludo! Huku wanaiita Mensch ärgere Dich nicht, yaani "binadamu, usikasirike", na aliyeibuni, Josef Friedrich Schmidt wa Munich, aliichonga kwa ajili ya watoto wake majira ya baridi ya 1907 kuingia 1908. Waingereza walikuwa wameshaisajili ludo yao mwaka 1896. Zote mbili mama yake ni mmoja, pachisi ya India. Bibi yule hakuwa na huruma. Akila kete yako hatua mbili kabla hujafika nyumbani, anaigonga mezani kwa ukucha, tok, halafu anakuangalia usoni aone kama umekasirika. Nami nilikasirika, sitaficha.

Kutoka hapo nikaingia kwenye Spieleabend, jioni ya michezo, kwa mwenzangu wa kazini. Mwaliko ulikuja wiki tatu kabla. Saa moja kamili usiku, siyo saa moja na dakika tano. Nilifika mapema nikasimama nje ya mlango nikisubiri dakika ziishe, nimekumbatia sufuria la pilau la kutosha watu kumi na wawili. Ndani walikuwa wanne. Mmoja kaleta matango yaliyokatwa vijiti, mwingine pakiti mbili za krispi. Tukavua viatu, tukakaa, mwenye nyumba akafungua kitabu cha masharti na kukisoma kwa sauti kama muhtasari wa mkutano uliopita. Saa nne usiku sauti zikashuka zenyewe, maana kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa za utulivu, na jirani wa chini anazijua kuliko mtu yeyote.

Hawa watu wanaichukulia michezo ya mezani kwa uzito. Kila Oktoba hapahapa Essen kuna maonyesho yaliyoanza mwaka 1983, ambayo siku hizi huingiza karibu watu laki mbili kwa siku nne. Wanatoa tuzo ya mchezo bora wa mwaka tangu 1979. Mchezo wao maarufu kuliko yote, Catan, ulitungwa na fundi wa meno, Klaus Teuber, ukatoka 1995. Kinachonivutia zaidi ya tuzo ni jambo dogo: mwenzangu mwenye miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu, anamwambia mumewe "Ijumaa nina michezo", na sentensi inaishia hapo.

Sasa njoo kwetu. Pita Kahama saa kumi jioni uhesabu vijiwe. Chini ya mwarobaini kuna drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda, pembeni kuna bao, isolo kwa Kisukuma, wazee wamelizunguka wakimfundisha mchezaji kwa matusi. Juu ya ndoo iliyopinduliwa kuna karata, mtu anapiga turufu mpaka ndoo inaruka. Kwenye baa kuna dubwi linalomeza sarafu za vijana waliotoka duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu. Mwanamke utakayemkuta hapo anauza karanga.

Si kwamba hatukuwahi kucheza. Tulicheza rede mpaka jua linazama, tukaruka kamba, tukacheza kombolela hadi tukachapwa. Na mdako! Unachimba kishimo kidogo ardhini, unajaza vijiwe, unarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka umeshavikokota vijiwe vyote nje kwa mkono uleule. Ukirusha tena unavirudisha shimoni, unabakiza kimoja tu, unadaka. Vidole vinatakiwa viwe na macho yake. Kisha siku moja ukiwa na miaka kumi na mitatu au minne shangazi anakukuta umechuchumaa pale, anasema, "Wewe sasa mkubwa." Biashara ikaishia hapo. Kaka zako hawakuwahi kuambiwa hivyo. Wao walihamishwa tu kutoka gololi kwenda drafti.

Ndiyo maana mwanamke wa kwetu hucheza kwa kujificha ndani ya jambo lingine. Kitchen party ina michezo, lakini kuna bibi harusi wa kusingizia. Siku ya kuvunja kikoba watu wanavaa sare na kushindana kucheza muziki, lakini kuna hesabu zilizowaleta. Bibi yangu alitutegea vitendawili tukipukuchua mahindi; yeye anasema "Kalagu!", sisi tunaitika "Kize!", na mahindi yanakwisha bila mtu kuhisi dole gumba linavyowaka. Usingeweza kumtoa kwenye mahindi akakaa kutega vitendawili mikono mitupu. Angeona ni wendawazimu.

Basi, Jumamosi ile. Nilisema saa kumi jioni. Wa kwanza alifika saa kumi na mbili kasoro, ana watoto wawili na beseni la michembe. Wa mwisho alitoka Nyarugusu, huko Geita, anamiliki karasha la kusagia mawe ya dhahabu, akaingia na vumbi la safari na kreti ya soda. Alipomwona mama yetu alipiga goti, "Mwadila mayu," ndipo akatugeukia sisi kwa kelele. Tulitimia wanane: mwalimu, mkunga, muuza mchele, wa karasha, mama lishe wa Kakola, shoga yangu, dada, na mimi. Na mwalimu, bila kuambiwa na mtu, alikuja na daftari la kikoba.

Nikakosea kuanza na Catan. Nilikuwa nimeibeba kwenye begi kutoka Ujerumani kama yai. Nikawagawa wawili wawili, nikafungua kitabu, nikaanza kutafsiri masharti. Ukurasa wa pili mkunga akasinzia. Lakini nilipofika pale panapoelezwa kwamba mchezaji anabadilishana mali na wenzake, mbao kwa matofali, kondoo kwa ngano, ngano kwa mawe ya madini, chumba kikaamka. Mawe ya madini? Wa karasha akavuta kiti. Masharti yanasema anayebadilishana ni yule mwenye zamu, hakuna aliyesikiliza. Muuza mchele aliuza ngano kwa mkopo. Mwalimu akafungua daftari la kikoba nyuma kabisa akaandika deni, kondoo wanne, riba juu yake. Baada ya nusu saa hakuna aliyejenga hata barabara moja, mawe yote yamekusanyika kwa wa karasha, naye anakopesha kwa masharti yake. Nikapaza sauti: jamani, mshindi ni wa pointi kumi! Akaniangalia kwa huruma. "Pointi kumi si gramu moja tu?"

Kwa asiyejua lugha ya machimbo, gramu ya dhahabu hugawanywa pointi kumi. Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka kulia.

Kisha umeme ukakatika. Essen ningekuwa nimeomba radhi na kuwaita watu teksi. Dada aliwasha taa ya sola, akatoa ludo yake ya kioo yenye nyoka na ngazi upande wa pili, na kazi ndipo ilipoanza. Tukajigawa pande mbili, Bagika na Bagalu, kama vile vyama vya ngoma vya Usukumani ambavyo vimeshindana tangu enzi za mabibi na bado hukutana Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo. Mkunga, yule aliyesinzia, akawa mganga wa Bagalu, anapulizia dadu kabla ya kurusha. Ikitoka sita, wa karasha anapiga kelele, "Duara limetema!" Hakukuwa na kitabu. Kila sharti lilijadiliwa lilipofika, na aliyeshindwa hoja alizomewa. Ukila kete unaambiwa umekula mchezo kabla ya zamu yako.

Nani alitaja mdako sikumbuki. Ninachokumbuka ni wanawake wazima, wengine wenye miaka arobaini na kitu, wamekunja khanga, wanachimba kishimo uani kwa kijiko. Mimi vidole vilinisaliti raundi ya kwanza. Mwalimu hivyohivyo. Wa karasha hakukosea hata mara moja. Mkono ulishuka, ukakokota, ukageuka, ukadaka, bila haraka, macho yake yakiwa juu kwenye jiwe. Kabla ya kuwa na karasha alikuwa anaponda mawe kwa nyundo, anashikilia jiwe kwa kipande cha mpira wa tairi lisirukie machoni. Alilipwa kwa ndoo. "Haya mawe tunajuana," alisema, akatupa mkono wa pili mgongoni kutuonyesha kuwa hauhitaji.

Saa tatu usiku simu ya shoga yangu ikaita. Mumewe. Sote tukanyamaza kama wanafunzi. "Bado," akasema kwa sauti ya upole, ya mtu aliyechoka na majukumu. "Tunahesabu." Alipokata, mama lishe aliangukia kwenye mkeka kwa kicheko, nami nilicheka pia. Ila baadaye kitandani lile neno lilinikaa. Mwanamke anayesomesha watoto watatu kwa jasho lake anadanganya kwa sababu ya vijiwe saba kwenye kishimo, wakati mume mwenyewe, kwa taarifa tulizokuwa nazo, alikuwa amepiga kambi kwenye drafti.

Lakini nisiisifie Ulaya kupita kiasi. Kabla hawajaondoka usiku ule, muuza mchele alisema mwanawe amelazwa. Mwalimu akarudi kurasa za mbele za daftari, wakajadiliana dakika tano, akapewa fedha za mfuko wa jamii palepale, kwenye taa ya sola, kete za ludo bado zimesimama ubaoni. Ijumaa zangu za Essen zimefika mwaka wa nne. Najua nani kati ya wale wanne hupenda rangi ya njano, nani huchukia kushindwa. Mwaka jana mmoja alimzika mama yake, nasi tulijua wiki mbili baadaye alipoomba radhi kwa kukosa mchezo.

Kwa hiyo sisemi tuache daftari tujifunze kitabu cha masharti. Kikoba kibaki, pesa ziendelee kuzunguka, Mungu azibariki. Ninachotaka ni hesabu zikishafungwa, ludo ifunguliwe juu ya meza ileile, na atakayeuliza simuni aambiwe jina lake: tunacheza. Huhitaji kubeba mchezo wa yuro arobaini kwenye begi. Ludo inauzwa sokoni, vijiwe viko uani, na karata zisizochezewa pesa hazijawahi kumpeleka mtu motoni, ingawa najua mchungaji wenu atakuwa na neno.

Wiki iliyopita shoga yangu alinitumia sauti. Wameshakubaliana, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kikoba, kila mtu elfu mbili ya soda na nyama choma, kijumbe ni wa karasha. Nikija Desemba wanataka dadu kubwa zinazoonekana gizani. Catan nimeambiwa niiache hukohuko, ila kondoo niwalete, maana deni lao bado limeandikwa.

Mumewe anaambiwa ni kikao.