Wanatupea bunduki, mshahara hatujauona

Kila nikiwaambia wasee wa chuo kwamba nimelelewa kwa nyumba iliyokuwa na G3, wanadhani natafuta kiki. Halafu kuna mmoja lazima aulize, "Kwani buda wako alikuwa jambazi?" Hapana bana. Baba mdogo alikuwa homgadi. Hiyo bunduki alipewa na serikali yenyewe, akaweka sahihi kituoni, namba ikaandikwa kwa kitabu, akarudi nayo nyumbani.

Najua huko Mlima Kenya ukimwita mtu homgadi ni tusi, kwa sababu ya mambo ya Mau Mau. Huku kwetu Kaikor ni cheo. Mtu akiitwa hivyo anapewa kiti.

Kama hujui Kaikor, fika Lodwar kwanza, halafu endelea kaskazini hadi uanze kujiuliza kama dereva amepotea. Tunapakana na Sudan Kusini na Ethiopia. Huko ng'ambo kuna Watoposa, kuna Wanyangatom ambao sisi tunawaita Donyiro, na Wadassanech tunaowaita Merille. Wote ni wafugaji kama sisi na wote wana bunduki. Mifugo ikichukuliwa alfajiri, utafute kwanza mahali penye netiweki, upige simu kituoni, gari lipatikane, mafuta ya gari yapatikane. Saa hiyo ng'ombe washavuka mpaka kitambo.

Ndiyo maana kuna homgadi. Kitu chenyewe ni cha mkoloni, Kenya Police Reserve ilianza 1948. Sheria ya polisi ya 2011 ikaleta jina jipya, National Police Reserve, lakini kazi ni ile ile na masharti ni yale yale: unajitolea. Mtu anapewa silaha ya vita, analinda mpaka wa nchi, na anaitwa wa kujitolea kama vile anafagia kanisa.

Nikiwa mdogo sikuona shida yoyote. Wafanyabiashara wa lori walikuwa wanamlipa baba mdogo awasindikize, anakaa juu ya magunia ya unga na bunduki mapajani, na mimi nikirudi shule nakaa karibu naye. Nilikuwa najiskia kama mtoto wa rais. Wakati mwingine hakulipwa pesa, alipewa sukari na majani, na nyumbani tukashukuru hivyo hivyo.

Halafu ikaja 2017, ukame ule uliotangazwa janga la kitaifa. Mbuzi waliisha. Nilikuwa kidato cha pili na nilishatumwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Mara ya pili baba mdogo alipotea siku tatu, akarudi na pesa yote. Nilimuuliza nyanya imetoka wapi. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Miaka ilipita ndiyo mzee akaniambia mwenyewe, tena bila kuulizwa, tukiwa tunangoja lori. Aliuza risasi. Si nyingi kwa mara moja. Nyingine kwa wachungaji wa adakar yetu, watu wanaozihitaji kweli kulinda mifugo. Nyingine kwa mtu ambaye hakumjua vizuri. "Zilienda wapi?" nikauliza. Akaangalia barabara tu.

Nilikuja kusoma kwamba hakuwa peke yake. Mwaka 2008 Small Arms Survey walichapisha utafiti kuhusu Turkana Kaskazini, huku huku kwetu. Walisoma alama zilizogongwa kwenye kitako cha ganda la risasi, na wakakuta karibu nusu ya risasi zilizokuwa zinazunguka kinyume cha sheria zimetoka kwa serikali, zimetengenezwa kiwanda cha Eldoret. Nusu! Sasa fikiria mimi nikisoma hiyo kitu kwa maktaba, nikijua elimu yangu imelipiwa na nini. Inawezekana mtu alikufa ndiyo nifanye mtihani wa kidato cha nne. Siwezi kujua, na mzee pia hawezi.

Utaniambia basi wapokonywe. Ilishajaribiwa. 2019 serikali ilikusanya bunduki za hawa jamaa, ikasema zinatumiwa vibaya na watu wahakikiwe upya. Baba mdogo alirudisha yake siku ya kwanza, imepakwa mafuta, inang'aa. Lakini Merille hawakurudisha zao, kwa sababu waziri wetu si waziri wao. Familia zikahama malisho mazuri karibu na mpaka, zikabanana karibu na kituo, na mbuzi wakaanza kula makaratasi.

Februari 2023 polisi wakauawa Kaakong, kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, jeshi likaletwa, na serikali ikarudi tena kuwategemea wanakijiji wenye bunduki. Februari 2025 wavuvi wetu wakashambuliwa upande wa Todonyang, familia zikabaki kutafuta miili. Kwa hivyo sitawahi kusimama hapa niseme homgadi hawana maana. Bila wao mimi pengine nisingekuwepo kuandika.

Lakini huwezi kumpea mtu bunduki, umnyime mshahara unaofika kila mwezi, halafu ushangae bunduki ikijitafutia mshahara. Polisi wa Lodwar akiumia kazini anajua ofisi ya kwenda. Kwenye bonde la Suguta, Novemba 2012, zaidi ya maafisa 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa, na homgadi walikuwa kati yao. Baba mdogo alipenda kuuliza, "Mimi nikipigwa, nani analipa hospitali?" Tulikuwa tunacheka.

Wiki jana kijana wake wa mwisho alinipigia. Ana miaka 19, amemaliza shule, hana kazi. Ameskia wanaandikisha tena, anataka nimuandikie barua kwa Kiingereza kizuri. Nikamuuliza kuhusu mshahara. Akasema, "Wamesema itakuja."

Nimeandika. Barua iko kwa simu yangu, sijaituma. Mzee hajaambiwa.