Kupanda na Kuteremka Jabal Akhdar: Sikiliza Breki za Mbele



Njia itokayo Maskati kwenda Jabal Akhdar haina taabu katika sehemu yake kubwa. Barabara kuu hufuata bonde la Samail, ikapita Fanja na Izki, na baada ya kiasi cha kilomita 140 msafiri hufika Birkat al-Mawz, mji uliopata jina lake kwa migomba. Mashamba yake hunyweshwa na Falaj al-Khatmayn, mmoja katika mifereji 5 ya Omani iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Ukishaupita mji huo utakuta kizuizi cha polisi. Gari isiyoendeshwa kwa magurudumu yote 4 hairuhusiwi kwenda mbele. Wapo wanaodhani kwamba tatizo ni kupanda. Lakini lami ni nzuri, na injini yenye nguvu haishindwi. Hatari iliyo kubwa ni kuteremka. Kutoka Sayq, kwenye mita 2,000 hivi, barabara hushuka kwa mapindi makali hadi kiasi cha mita 600, na pembeni zimechongwa njia maalumu za kuikimbizia gari iliyopotelewa na breki.

Basi mwenye kukusudia kuwapeleka watoto kuyaona mawaridi ya mwezi wa Aprili, yapasa aisikilize gari yake siku kadhaa kabla ya safari. Breki za mbele ndizo zibebazo kazi kubwa, kwani uzito wa gari huinamia mbele kila inaposimamishwa. Nazo husema kwa sauti mbalimbali.

Ikiwa zinalia asubuhi tu, kisha zikanyamaza baada ya kukanyagwa mara tatu nne, usihangaike. Unyevu wa pwani huacha utando mwembamba wa kutu juu ya diski usiku, na pedi huufuta.

Ikiwa mlio ni mwembamba kama filimbi, husikika gari inapokwenda, na hubadilika au hukatika ukanyagapo, angalia unene wa pedi. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi uiguse diski pedi inapokaribia kwisha. Zikifika milimita 3, zibadilishwe, na zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja.

Ikiwa zinalia wakati wa kukanyaga tu, na pedi bado nene, huenda uso wake umechomwa na joto ukawa mgumu wa kung'aa, au mgongo wake na mahali inapoteleza pamekauka grisi. Fundi asafishe vumbi, apake grisi ya breki kidogo huko nyuma tu. Tone likigusa uso wa pedi au diski, breki hazitashika.

Ama mkwaruzo mzito, wa chuma kwa chuma, hiyo ni amri ya kusimama. Wakati mwingine ni kijiwe cha wadi kilichonasa kati ya diski na bati la kuikinga, lakini hilo liamuliwe baada ya gurudumu kufunguliwa, si kwa kukisia.

Kujua upande unaolia, pita polepole kando ya ukuta mrefu, madirisha yakiwa wazi. Ukuta utakurudishia sauti. Kisha, baada ya mwendo mfupi, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila ya kuigusa. Upande mmoja ukiwa na moto kupita wa pili, au usukani ukivutwa upande, yumkini breki imenasa na haiachii. Muulize fundi pia umri wa mafuta ya breki: hufyonza unyevu, na watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2. Mafuta yaliyochakaa huchemka mteremkoni, na pedali huzama chini ya mguu.

Huko juu utalipwa taabu yako. Hewa ni baridi, na vijiji vya Al Ayn na Al Aqr vimening'inia ukingoni mwa genge, na chini yake vitalu vya mawaridi na mikomamanga vimepangwa ngazi kwa ngazi. Katika Wadi Bani Habib nyumba za udongo zilizohamwa zingali zimesimama juu ya bustani.

Wakati wa kurudi, tia gia nzito tangu mwanzo wa mteremko, uiache injini iizuie gari. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha iachie ipoe. Usiikalie mguu njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa wazi na ungoje. Wala usizimwagie maji, kwani diski ya moto ikipigwa na maji baridi huweza kupinda, na safari ijayo ikaanza kwa mtetemeko.