Kimya cha Uwanda wa Mkata

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au mpakani Tunduma huivuka Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, atake asitake. Barabara kuu imeipasua hifadhi hiyo kwa kiasi cha kilomita 50, na abiria walio wengi huijua kwa yale tu yaonekanayo dirishani: twiga wawili watatu, kundi la swala pala, nyani waliokaa kando ya lami mithili ya watu wanaongoja basi, na ubao mkubwa ulioandikwa faini atakayotozwa dereva kwa kila mnyama atakayemgonga. Basi hupunguza mwendo, watoto huitwa waje dirishani, mtu mmoja hupaza sauti kwamba amemwona simba ambaye hakuna mwingine aliyemwona, kisha safari huendelea. Nami nimepita hapo kwa namna hiyo mara nyingi, tangu nikiwa kijana.

Lakini iko Mikumi nyingine, nayo huanza pale gari linapoiacha lami, likapita langoni na kuingia katika uwanda wa Mkata. Huo ni uwanda mpana wa nyasi, uliotapakaa migunga, mikoche na mibuyu, na mashariki yake imesimama milima ya Uluguru. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake limetokana na mikumi, miti ya jamii ya mivumo iotayo sehemu hizo. Upande wa kusini misitu ya miombo huendelea hadi kuungana na nchi iliyokuwa Pori la Akiba la Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo mnyama wa Mikumi si mfungwa wa bustani. Anayo nchi nzima nyuma yake, na akija karibu na watu huja kwa hiari yake.

Wengi wetu wafanyakazi wa mjini tumezoea kudhani kwamba hifadhi ni mahali pa wageni wenye kofia pana. Dhana hiyo yafaa iachwe. Raia hutozwa kiingilio kilicho kidogo sana kuliko cha mgeni. Tangu Juni 2024 treni ya umeme huchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiotimia saa mbili, na kutoka hapo mabasi ya kwenda Mikumi hayakosekani. Kinachokula fedha ni gari la kuingia ndani. Dawa yake ni kuchangiana, kama tunavyochangiana harusi. Sisi tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mmoja mama mstaafu, na vijana wawili ndugu waliokuwa wanatoka Songea. Hatukuwa tumejuana kabla ya asubuhi ile.

Ndugu msomaji huenda akauliza: fundi wa kiwandani, aliyeishi na ngurumo za mashine na zamu za usiku, alifuata nini huko akiwa na kamera shingoni?

Kamera ile haikuwa yangu. Mwanangu wa kwanza alikuwa mpiga picha za harusi na maulidi katika mtaa wetu. Alifariki kwa maradhi akiwa na umri wa miaka 26. Baada ya arobaini vitu vyake viligawiwa jamaa na marafiki kama ilivyo desturi, nguo, viatu na baiskeli. Kamera hakuna aliyeiomba, nami sikuitoa. Ndani yake zilibaki picha za harusi ya watu nisiowajua. Wenyewe walikwisha kupewa zao, ila yeye hakuwahi kuzifuta, na mimi sijazifuta.

Msiba huo uliniletea jambo ambalo hakuna mzee aliyenitahadharisha nalo: nilianza kukiogopa kimya. Nyumbani kwetu redio haikuzimwa tena. Ililala ikisema, ikaamka ikisema. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na majirani walipata taabu wasijue waniiteje. Wengine waliona heri wapite upande wa pili wa barabara. Msikitini nilisimama katika safu, nikarukuu na kusujudu pamoja na wenzangu, ulimi ukisoma yale uliyoyazoea tangu utotoni, lakini nilikuwa kama mtu anayesema katika simu ambayo waya wake umekatwa. Dini sikuiacha. Niliishika kama mtu ashikavyo mlango uliofungwa.

Rafiki wa marehemu, kijana wa kazi ile ile, ndiye aliyekuja kuitazama kamera. Akaniambia kwamba katika joto na unyevunyevu wa pwani kamera ikiwekwa kabatini bila kutumika lenzi huota ukungu, na ukungu ukishakula kioo hautoki. "Baba, itumie, vinginevyo itakufa nayo." Nikamjibu kwamba harusi sitaweza. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi piga wanyama. Wanyama hawatakuuliza habari za mtu."

Alinifundisha jioni nyingi, tukipiga picha za kunguru na paka wa mtaani. Yapo mambo mawili katika kazi hii ambayo hayaachi kunishangaza. La kwanza ni kwamba lenzi ndefu haistahimili mtikisiko wowote. Injini ya gari ikiwa inanguruma, hata taratibu, picha huharibika. Ni lazima kuzima. Na kwa kuwa ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka ovyo, wapiga picha huweka mfuko wa maharage juu ya dirisha na kuilaza lenzi hapo. Mke wangu alinishonea mfuko wa kaki na kutia humo kilo mbili za maharage, akiwa ameshika sharti kwamba yarudi nyumbani yapikwe. La pili ni mwanga. Jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi huja kwa ubavu, na kila unywele wa mnyama huonekana. Ifikapo saa nne ardhi imeshapata moto, hewa inachezacheza juu ya nyasi, na kitu kilicho mbali huonekana kama kiko chini ya maji. Kwa hiyo mpiga picha hufika mapema, huzima injini, na hungoja. Sehemu kubwa ya kazi ni huko kungoja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita, alitega nyaya na taa za kulipuka karibu na mizoga usiku. Simba akigusa waya, mwanga hulipuka usoni pake na picha hupigwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na jina lake lilitaja taa na bunduki kwa pamoja. Picha zile zilikuwa ajabu ya wakati wake, lakini mimi huzitazama nikimwona mnyama aliyeshtushwa.

Mwingine humkumbuka kwa sababu tofauti. Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt alikuja Serengeti na mwanawe Michael kuhesabu wanyama kwa ndege na kutengeneza filamu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege aliyoiendesha Michael iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba akaimaliza filamu ile, akaendelea kuzitetea hifadhi zetu maisha yake yote, na alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mwanawe. Zamani nilipoisoma habari hiyo niliipita kama habari. Sasa huwa nafikiri juu ya zile siku ambazo baba yule alilazimika kuketi peke yake, akitazama filamu aliyoipiga mwanawe na kuamua kipi kibaki na kipi kikatwe.

Narudi Mkata. Tuliingia lango lilipofunguliwa. Ulikuwa mwezi wa Agosti, nyasi zimekauka zikawa rangi ya dhahabu, na wanyama walikuwa wakishuka majini. Kwenye bwawa la viboko tulikaa kitambo, yangeyange wakitembea juu ya migongo ya viboko kama makarani juu ya gati. Baadaye dereva alituegesha karibu na migunga michache, mahali alipoona mavi mapya ya tembo, akazima injini.

Hapakuwa na kitu. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Kijana mmoja akatoa simu akakuta hakuna mawimbi, akairudisha mfukoni. Mwalimu alikuwa na tasbihi yake ya rozari mkononi, wala hakuisogeza, aliishika tu. Mimi mwanzoni nilipata hofu ile ile ya nyumbani, moyo ukienda mbio, nikatamani mtu aseme neno lolote, hata la upuuzi. Hakusema mtu. Kisha, sijui ni wakati gani hasa, nikaanza kusikia: nzi, majani makavu ya mkoche yakisuguana, pundamilia akikohoa mbali, na pumzi yangu mwenyewe. Nilimkumbuka mwanangu, na kwa mara ya kwanza kumbukumbu ile haikuja na hospitali. Alikuja akiwa na miaka tisa, anacheka, amekosa meno ya mbele.

Tembo walitokea nyuma yetu. Walikuwa saba, majike na watoto, mmoja mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama. Aliyetangulia alikuwa jike mkubwa mwenye pembe moja iliyovunjika. Alisimama kama hatua 20 kutoka kwenye gari, akainua mkonga, akatunusa. Wote nyuma yake wakasimama kwa pamoja, wasitikise hata sikio.

"Huyu ni wa enzi zile, mzee," dereva alininong'oneza. "Anatupima."

Nilielewa enzi alizozitaja. Hesabu ya mwaka 2009 ilikadiria tembo karibu 39,000 katika eneo la Selous na Mikumi. Ile ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000. Majangili waliwamaliza kwa bunduki ndani ya miaka michache. Tembo huweza kuishi miaka 60, na hufuata majike wazee wanaokumbuka maji yalipo na hatari ilipo. Jike mtu mzima wa Mikumi leo aliiona miaka ile. Kama yuko mnyama mwenye haki ya kutoroka, au ya kutuvamia, asikiapo harufu ya binadamu, ni yeye.

Nilipiga picha nne au tano, kisha nikauondoa mkono kwenye kamera. Tulikaa hivyo, wao wamesimama na sisi tumeketi. Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini kabisa mbona wamesimama kimya namna ile. Dereva akasema hawako kimya. Tembo husemezana kwa sauti nzito mno ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzishika, na sauti hizo hufika mbali, kilomita kadhaa. Wakisimama hivyo aghalabu wanasikiliza wenzao walio ng'ambo ya uwanda. Nimesoma tangu hapo, na wataalamu wamelithibitisha jambo hilo tangu miaka ya 1980. "Hapa tulipo," alisema, "pamejaa maneno. Ila si ya kwetu."

Jike mkubwa akashusha mkonga, akang'oa fumba la nyasi, akalipiga gotini kukung'uta vumbi, akala. Watoto wakamfuata. Walitupita ubavuni kwa karibu kiasi kwamba tulisikia matumbo yao yakinguruma.

Adhuhuri tulipumzika langoni. Nilitawadha kwa maji ya chupa, nikatandika kanga nyuma ya gari, nikasali peke yangu. Sikujibiwa lolote, wala sikuahidiwa kitu. Mwanangu yuko kaburini na atabaki huko. Lakini nilipofika katika sijida nilikaa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu sikuwa na haraka ya kuondoka, na kile kimya kilichokuwa juu yangu hakikunitisha. Niliposalimia na kugeuka nilimwona mwalimu amekaa juu ya jiwe, mbali kidogo, amefumba macho. Vijana walikuwa wamezima hata redio ya gari. Tulikula mikate yetu bila maneno mengi, nami nadhani kila mmoja alikuwa na lake.

Picha niliyoisafisha kwa karatasi si ile iliyo bora. Katika ile bora jike anatazama kamera, na mtu yeyote angeipenda. Niliyoichagua inawaonyesha wote saba wakiwa wamesimama, vumbi miguuni, masikio yametanuka kidogo. Niliiweka mezani sebuleni. Mke wangu aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza wanangoja nini. Nikamwambia hawangoji, wanasikiliza. Akaenda kuipunguza redio, akarudi akaketi, akaishika tena ile picha.

Maharage tuliyala kesho yake, kwa nazi. Mfuko ameufua na kuukunja, umo kabatini kando ya kamera, na ameniambia kwamba mwezi wa Juni, nyasi zitakapokauka, nikate tiketi mbili.