Risasi Si Lazima Iwe Risasi

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwa bunduki. Risasi pia ni ile metali nzito ya kijivu iliyo ndani ya betri ya gari. Zamani hakukuwa na haja ya kuzitenganisha, maana ya kwanza ilitengenezwa kwa ya pili, mambo kwisha. Mimi nasema wakati wa kuzitenganisha umefika. Najua utauliza: kijana wa Mikindani, Mombasa, ambaye hajawahi kushika bunduki, ana maoni gani juu ya kuwinda sungura Marekani? Tulia, nakuja.

Kwa wageni wa hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Siku hizi video zangu zinalipa bando, lakini kodi ya nyumba inalipwa na kazi za mtandaoni. Mteja wangu mkubwa ni mzee mmoja wa Missouri anayefundisha watu kuwinda wanyama wadogo: sungura, kindi, kware. Yeye anarekodi, mimi nakata na kuandika yale maneno ya chini ya video. Miaka miwili ya kumsikiliza usiku wa manane, sasa hii somo naijua kuliko chochote nilichosomea darasani.

Bunduki yake ni ya marisau. Haitoi kitu kimoja, inamwaga punje ndogo kwa mamia, na zikitoka tu zinaanza kutawanyika. Choki ni ule wembamba wa mwisho wa mtutu unaoamua zitawanyike kiasi gani. Fikiria kile kichwa cha paipu pale kwa kuosha magari: ukikizungusha huku maji yanaenda mstari mmoja, ukikizungusha kule yanasambaa.

Kitu kilichonishangaza ni udogo wa tofauti yenyewe. Mtutu wa geji 12 una upana wa kama milimita 18.5. Kutoka choki iliyo wazi kabisa hadi iliyobana kabisa ni kama milimita 1 tu. Lakini piga karatasi iliyo mita 37 mbele, chora duara la sentimita 76, kisha hesabu matundu. Choki wazi inaingiza kama asilimia 40 ya punje ndani ya duara. Iliyobana inaingiza kama 70. Milimita moja, manze!

Sasa ukichagua vibaya, anayeumia ni mnyama. Kware anaruka karibu na miguu yako, kwa hivyo unataka choki iliyo wazi kidogo. Ukimpiga na iliyobana, hakuna nyama ya kupeleka nyumbani. Kindi aliye juu ya mti mita 30 anataka iliyobana, la sivyo punje mbili tatu zinamgusa, anakimbia na kidonda na kwenda kufa shimoni polepole. Namba za punje nazo ziko kinyume: namba ikipanda, punje inapungua. Namba 6 ina milimita 2.8, na gramu 28 zina punje kama 225. Namba 8 ina milimita 2.3, na uzito huohuo una punje kama 410. Ya 6 kwa sungura na kindi, ya 8 kwa kware. Mzee husema usiamini maandishi ya kwenye boksi: chukua karatasi, piga, hesabu. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kutawanya tofauti.

Mwezi uliopita alirekodi dakika nne juu ya risasi, yaani ile metali. Alisema vizuri sana. Marekani ilipiga marufuku punje za risasi kwa kuwinda bata nchi nzima mwaka wa 1991, kwa sababu ndege walikuwa wanazimeza kama changarawe na kufa kwa sumu. California ikaikataza kwa uwindaji wote mwaka wa 2019. Kwingine bado ni ruhusa, na sungura akipigwa, vipande vidogo vinaweza kubaki kwenye nyama ambayo watoto watakula jioni.

Kisha akaniandikia: kata hizo dakika nne. Watazamaji wake wataona amegeuka mwanasiasa.

Hapo ndipo Mikindani inaingia. Owino Uhuru iko hapa kwetu. Kutoka 2007 hadi 2014 kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na sumu ya risasi ikaingia kwa hewa, maji na damu za watu. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi hapo, na mtoto wake mchanga akaugua. Akapigana hadi kiwanda kikafungwa, akapata tuzo ya Goldman 2015. Julai 2020 mahakama hapa Mombasa iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Hakuna. Sasa mtu aniambie hiyo ni siasa?

Najua wawindaji wana hoja zao. Punje za chuma ni nyepesi kuliko za risasi, zinapoteza nguvu haraka. Ni kweli, ndiyo maana unapanda ukubwa hatua mbili: ulikuwa unatumia namba 6, tumia 4. Chuma hakibondeki, kinabaki pamoja, kwa hivyo unafungua choki hatua moja. Bunduki ya zamani yenye choki iliyobana inaweza kuharibika, kwa hivyo uliza fundi kwanza. Bismuthi na tangsteni zinafanya kazi safi, lakini bei ni kali. Yote haya ni hesabu. Na hawa ndio watu wanaohesabu matundu kwenye karatasi! Wanaopimia milimita moja wanaweza kupimia hii pia.

Mwingine ataniambia Kenya tulipiga marufuku uwindaji 1977, haya hayanihusu. Mimi jina langu haliko kwenye ile video, lakini mkono wangu uko. Nikikata, nimekata mimi.

Nilimtumia mzee video ikiwa nzima. Nikamwelezea Owino Uhuru kwa heshima, nikamwambia akitaka dakika nne ziondoke, ni sawa, video ni yake, ila atafute mtu mwingine wa kuziondoa. Leo ni siku ya sita na hajajibu. Kodi ni tarehe tano.

Wewe ungekata? Niambie ukweli, na usiniambie tu kile unafikiri nataka kusikia.