Joto na Umeme

Jua la adhuhuri huko Bariadi halina upendeleo: huchoma majani ya pamba, huchoma na waya wa umeme. Waya ukipata joto, atomi zake hutetemeka, elektroni hugongana nazo, na umeme hupita kwa taabu. Grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, uliobanduliwa kutoka madini ya kinywe mjini Manchester mwaka 2004, ina tabia mbili: ikijaa elektroni, joto huitaabisha kama waya, ikipungukiwa nazo, joto huziamsha nyingine, umeme ukapita kwa wepesi. Kinywe kimo katika kalamu ya risasi ya mwanafunzi wa Bariadi, na ardhi ya Mahenge imekihifadhi. Kuwa na mali si kuijua. Na mali asiyoijua mwenyewe humtajirisha jirani.