Daftari la Mama

Mwezi wa Mei wa mwaka 2023 tulimpeleka mama yetu hospitalini, hapa Kalemie. Alikuwa akitokwa na damu kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, naye kwa haya hakumwambia mtu, wala binti zake mwenyewe, mpaka siku alipoanguka sokoni. Mganga alimpima, akatuita pembeni, akatueleza kwa Kifaransa kwamba ni kansere ya mlango wa kizazi, na ya kuwa imekwisha kuenea hata kwenye kibofu. Alisema maneno mengi, kwa upole, kama robo saa. Kisha tukamgeukia mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, mikono magotini, tukamwambia kwa Kiswahili: «Mama, ni kidonda cha ndani. Watakupa dawa.»

Sisi tunaowafundisha watoto amri ya nane kila mwaka, tulirudi nyumbani siku ile bila kumtazama usoni.

Siku ya tatu, jioni, alituita. «Mwalimu,» akasema (ndivyo alivyotuita tangu tulipopata diploma, kwa utani na kwa fahari pia), «yule mganga alisema kwa muda mrefu, nawe ulinifasiria kwa muda mfupi. Maneno yaliyobaki yako wapi?»

Basi tukamwambia yote. Hakulia. Akauliza kama atafika Noeli. Tukajibu kwamba mganga hakutaja siku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Kamata daftari, uandike. Nina mambo ya kumaliza.» Kwa maana mama yetu hakujua kuandika, na kusoma kwake kulikuwa ni kufuata kwa kidole sala alizokwisha kuzijua kwa moyo.

Tulidhani tumemwelewa. Tulikuwa tumesikia habari za filamu moja ya Marekani, ya mwaka 2007, yenye wazee wawili wenye kansere wanaoandika kwenye karatasi yote wanayotaka kuyafanya kabla ya kufa, kisha wanaizunguka dunia kwa ndege. Mmoja wao ni tajiri, ndiye anayelipa. Tangu hapo watu wengi wa nchi zile huandika orodha za namna hiyo, na hatuoni ubaya. Kwa hiyo tukaanza kumshauri mama. Je, apande ndege, hata mara moja? Aende Lubumbashi kuwaona wajukuu? Akacheka mpaka akashika tumbo. «Ndege inipeleke wapi? Wewe andika madeni.»

La kwanza likawa bidoni mbili za mawese, deni la mwanamke mmoja wa sokoni ambaye mwenyewe alikwisha kulisahau. La pili, kitenge cha kuazima cha mwenzake wa Legio ya Maria. La tatu, dada yake wa Moba, ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mashine ya kushona iliyoachwa na bibi yetu. Halafu akasita, akasema polepole kama msichana anayeomba kitu: «Na mikebuka mibichi, iliyopikwa kwa mawese kama kwetu Baraka.» Tukaandika mikebuka.

La tano lilikuwa kaburi. Mwaka 1998 vita vilipotufukuza Baraka, tulivuka ziwa Tanganyika kwa mashua usiku, tukapokelewa Tanzania, katika kambi ya Lugufu, mkoa wa Kigoma. Huko ndiko alikofia mdogo wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka miwili. Sisi tulikuwa na miaka minane. Twakumbuka msalaba wa mti na jina lililoandikwa kwa mkaa. Mama alitaka kuliona kaburi lile mara moja tena.

«Halafu, Mwalimu, niambie kwa nini mapadri walikufukuza seminarini.»

Kalamu ikasimama. Hawakutufukuza. Mwaka 2011 tulitoka wenyewe, kwa hiari yetu, baada ya kutambua kwamba hatukuitwa katika upadri. Na gombera wetu alituaga kwa baraka. Lakini nyumbani walikuwa wamekwisha kuchinja mbuzi siku tulipoingia, na mama alikuwa akijiita mama wa padri mbele ya majirani. Tuliogopa machozi yake. Tukasema kwamba gombera ametufukuza bila sababu. Neno dogo tu, la kupita siku moja! Kumbe liliishi miaka kumi na miwili. Siku moja padri yule alikuja kusoma Misa katika parokia yetu, na mama akakaa nje chini ya mwembe mpaka Misa ikaisha. Sisi tulikuwa ndani, tukiongoza nyimbo. Tulimwona kwa dirisha.

Jioni ile tulimwambia ukweli. Hakujibu neno. Siku mbili alipokea chakula kutoka mikononi mwetu bila kusema. Siku ya tatu akasema: «Ongeza: padri. Nimemchukia bure. Utaandika barua, nawe utataja kilichotokea.» Tumeandika barua nyingi maishani, hata za wakubwa, ile ya ukurasa mmoja ilitugharimu Dominika nzima. Tulimsomea mara tatu. Kila tulipolainisha jambo, alilisikia.

Baada ya juma moja hivi, mzee yule akapiga simu. Mama aliishika juu chini, tukamgeuzia. Walisema nini, hatukukaa kusikiliza; tulitoka nje, tukapasua kuni zilizokwisha kupasuliwa. Tuliporudi alikuwa akicheka. «Sauti yake imezeeka,» akasema. «Kata mstari.»

Wakati huohuo ndugu zetu walikuwa wamekusanya fedha. Walitaka avuke mpaka Kigoma, kisha asafiri kwa treni zaidi ya kilometa 1,200 hadi Dar es Salaam, kwenye taasisi ya Ocean Road, wanakotibu kansere kwa mionzi. Mganga alisema wazi kwamba mionzi ingeweza kupunguza damu na maumivu, lakini kwa hali yake haingemponya. Mama akakataa. Hakutaka kufia njiani, wala mashamba ya wanawe yauzwe. Mjomba mmoja akasema kwa ukali kwamba kukataa dawa ni kujiua, na shaka ile ilitunyima usingizi. Paroko ndiye aliyetutuliza. Alitueleza kwamba Papa Pio XII, tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha ya kuwa mtu hufungwa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai wake, zile zisizomlemea mno yeye wala wengine. Na mwezi wa Februari wa mwaka huohuo alikuwa amewajibu waganga kwamba dawa za kutuliza maumivu ni halali, hata zenye nguvu sana. Basi mama akanywa morfini ya maji, kila saa nne, bila hofu. Pasipo dawa ile, hata robo ya daftari isingalikatwa mstari.

Jambo moja aliliongeza mwenyewe mwezi wa Agosti. Alitaka kusema na wanawake. Tulimpeleka kwa kiti baada ya Misa, wakakaa kumzunguka katika uwanja wa kanisa, wanaume wakaombwa kuondoka. Dada zetu walitusimulia. Aliwaambia: «Damu ikirudi baada ya kukoma, usingoje kama mimi.» Muuguzi mmoja Sista akawaeleza mengine: kwamba kansere hii husababishwa na virusi vinavyopita mwili kwa mwili katika tendo la ndoa, hata mke mwaminifu aweza kuvipata, basi asihukumiwe mtu, kwamba huchukua miaka mingi kabla ya kuwa kansere, na kwamba kwa siki tu iliyopakwa, mganga huona doa jeupe mapema na kuliondoa. Ipo pia chanjo ya wasichana wa miaka 9 hadi 14. Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha mwaka 2020: ifikapo mwaka 2030, wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa kabla hawajatimiza miaka kumi na mitano. Baadaye mmoja wa dada zetu alipimwa, akaonekana na doa, akatibiwa siku ileile. Yu mzima.

Mama mdogo wa Moba alifika kwa mashua. Waliombana msamaha asubuhi, mchana wakagombana tena juu ya chumvi ya mboga, usiku wakalala kitanda kimoja. Mikebuka tulimpikia, alimeza matonge mawili, akawapa wajukuu sahani, akaamuru tukate mstari.

Alifariki katika juma la pili la Majilio, akiwa amepewa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya njiani. Noeli hakuiona. Katika daftari umebaki mstari mmoja usiokatwa, ule wa tano, kwa sababu hakuwa tena na nguvu ya kuvuka ziwa, na kambi yenyewe ilikwisha kufungwa zamani. Alituuliza kama tungelitambua mahali. Tulijibu kwamba hatuna hakika. Safari hii tulisema kweli.

Likizo kubwa ikianza tutapanda mashua ya Kigoma. Mama mdogo amesema atakuja nasi. Msalaba, wa chuma mara hii, umekwisha kufuliwa. Uko nyuma ya mlango wa darasa letu, na watoto huuliza kila siku ni wa nani.